Kidonda, unga wa rangi mbili na madini ya fedha

Mama mmoja ameniuliza kama ni kweli madini ya fedha yakimulikwa huua bakteria sugu. Mwanawe ana kidonda mguuni, hii wiki ya tatu, naye amekuwa akifungua kapsuli za rangi mbili na kukinyunyizia unga wake.

Ni kweli, mama. Fedha si ngeni hospitalini: krimu ya silva salfadiazini imetibu majeraha ya moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Jipya ni mwanga. Watafiti hupachika chembe ndogo mno za fedha kwenye titani dioksidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani. Mwanga ukiupiga, hutokea aina kali za oksijeni zinazotoboa utando wa bakteria na kuharibu vilivyomo ndani. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja tu ya kijidudu, nacho hupata njia ya kuikwepa. Kikishambuliwa kila upande, kukwepa huwa kugumu zaidi, ingawa wapo bakteria walioizoea hata fedha.

Ila kazi hiyo bado iko zaidi maabara. Usimvishe mtoto bangili ya fedha ukamwanika juani!

Ule unga, acha leo. Nami nilinyunyiziwa utotoni, bibi akiapa ndiyo dawa. Kumbe dawa kidogo kidogo huwakomaza wadudu. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, kesho mpeleke hospitali na uombe usaha upimwe ijulikane dawa ipi inafaa. Akishikwa na homa au uvimbe ukisambaa, usingoje kesho.