Janga likirejea, nani atawalinda wanamichezo wa Migori na Homa Bay?

MWANAFUNZI aliyejiunga na kidato cha kwanza Januari 2018 katika kaunti ya Migori au Homa Bay alitarajia misimu minne ya michezo kabla ya kuiaga shule ya upili. Misimu kamili aliyoipata ni miwili pekee. Wa tatu ulikatizwa Machi 2020 kutokana na janga la corona. Wa nne ulipita bila mashindano ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo kilele cha michezo ya shule. Alifanya mtihani wake wa KCSE Machi 2022, na mashindano hayo yaliporejea jijini Arusha Septemba mwaka huo, yeye alikuwa tayari mtaani.

Hakuna kanuni iliyomfidia. Na hadi leo, miaka kadhaa baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kutangaza Mei 5, 2023 kwamba corona si dharura ya kimataifa tena, swali la msingi halijajibiwa: janga jingine likizuka katikati ya muhula, mwanamichezo wa shule atalindwa na nani?

Si swali la kinadharia kwa wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria. Mwaka 2025 Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizokumbwa na kipindupindu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2024, WHO ilikuwa imetangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa baada ya maradhi hayo kusambaa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuingia katika mataifa jirani, Kenya ikiwemo.

Jinsi msimu ulivyozimika

Ni vyema kukumbuka mambo yalivyofuatana. Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha corona nchini na kusimamisha papo hapo shughuli zote zinazokutanisha shule mbalimbali. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Shule za kutwa zilifungwa mara moja, za bweni zikapewa hadi Jumatano ya Machi 18, na vyuo vikuu hadi Ijumaa ya Machi 20.

Wanaofuatilia kalenda ya michezo ya shule wanajua maana ya tarehe hizo. Muhula wa kwanza ndio wa mpira wa vikapu, mpira wa mikono, magongo na raga ya wachezaji 15. Kwa kawaida Machi ni mwezi ambao timu hupigania nafasi katika ngazi za chini, kisha kaunti, kisha eneo zima la Nyanza, ili washindi waende kwenye fainali za kitaifa. Soka, voliboli na netiboli husubiri muhula wa pili. Kwa hivyo amri ya Machi iliwakata wa muhula wa kwanza wakiwa uwanjani, na kuwaacha wa muhula wa pili wakingoja mlango ambao haukufunguliwa.

Julai 7, 2020, Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea na kwamba shule zingefunguliwa Januari 2021. Baadaye watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne, pamoja na Gredi ya 4, waliitwa shuleni Oktoba 12, 2020. Wengine wote walirejea Januari 4, 2021.

Kwa upande wa masomo, basi, serikali ilisema wazi kwamba mwaka umepotea na kwamba utarudiwa. Tangazo hilo lilikuwa chungu, lakini lilimpa mzazi na mwanafunzi tarehe ya kushika. Upande wa michezo haukupata neno kama hilo. Msimu wa 2020 haukutangazwa kuwa wa kurudiwa, na waliokuwa katika mwaka wao wa mwisho hawakuambiwa lolote kuhusu nafasi yao. Walingoja tu, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kisha ikaja Juni 2021. Kirusi aina ya Delta kilipoenea magharibi mwa nchi, serikali ilitangaza kaunti 13 kuwa eneo hatari, Migori na Homa Bay zikiwemo. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Wakati kaunti nyingine zikianza kupumua, vijana wa kaunti hizi mbili walifungiwa tena. Kafyu ya nchi nzima iliondolewa Oktoba 20, 2021, na masharti makali ya mwisho, yakiwemo ya barakoa na idadi ya mashabiki viwanjani, yalilegezwa Machi 2022.

Hata hapo mambo hayakurejea kama awali. Ili kufidia muda uliopotea, mihula mitatu ya mwaka wa masomo wa 2022 ilibanwa kati ya Aprili na Novemba. Likizo zilifupishwa. Mwalimu wa michezo aliyezoea kuandaa timu kwa wiki kadhaa alijikuta akigombea dakika na mwalimu wa hisabati.

Ng'ambo walifanyaje?

Wengi wetu hudhani kwamba mataifa tajiri hayakuyumba. Yaliyumba. Nchini Marekani, lakrosi, mchezo wa kupokezana mpira kwa vijiti vyenye wavu, huchezwa vyuoni majira ya machipuko, yaani wakati ule ule corona ilipobisha hodi. Machi 11, 2020, vyuo vikongwe vya Ivy League vilifuta msimu wao. Siku iliyofuata NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilifuta mashindano yote ya kitaifa ya majira hayo.

Tofauti iko katika kilichofuata. Machi 30, 2020, siku 18 tu baada ya kufuta mashindano, NCAA iliamua kwamba wanamichezo wa vyuo vya daraja la kwanza waliopoteza msimu huo wangeruhusiwa kuongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Uamuzi huo haukuwafaa wote. Ivy League yenyewe ilifuta tena ratiba ya machipuko ya 2021, na wengi walilazimika kuchagua kati ya kuahirisha masomo na kuachana na mchezo. Hata hivyo, kila mmoja alijua anachokichagua, na alijua mapema.

Hakuna anayedai kwamba Migori ina fedha za NCAA. Lakini kuamua kwamba kijana aliyenyimwa msimu na amri ya serikali ahesabiwe kama ambaye hakuutumia hakuhitaji fedha nyingi. Kulihitaji kikao kimoja na barua moja.

Hata hapa kwetu, mipaka ilionyesha jinsi uamuzi unavyoweza kutofautiana. Mjini Isebania, barabara moja hutenganisha Migori na Sirari, Tanzania. Tanzania ilifunga shule Machi 17, 2020, na kufikia Juni 29 mwaka huo wanafunzi wake wote walikuwa wameruhusiwa kurejea. Mtoto wa Sirari alirudi darasani ilhali jirani yake wa Isebania alibaki nyumbani kwa miezi mingine kadhaa. Uganda, kwa upande mwingine, haikufungua shule zake kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Kwa mataifa yaliyopishana namna hiyo, haishangazi kwamba mashindano ya FEASSSA hayakufanyika 2020 wala 2021.

Si suala la kombe tu

Wapo watakaosema kwamba watu walikuwa wakifa, na kulilia mpira ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Kusimamisha mikusanyiko Machi 2020 ilikuwa hatua ya busara, na Delta ilithibitisha kuwa hatari haikuwa ya kubuni. Mwandishi huyu halaumu kufungwa kwa viwanja. Anachohoji ni kimya kilichofuata kufungwa huko.

Katika kaunti hizi, michezo ya shule ina kazi mbili ambazo hazionekani kwenye jedwali la matokeo. Ya kwanza ni ulinzi. Mvulana wa Nyatike asiye na mazoezi jioni ana migodi midogo ya dhahabu ya Macalder na Osiri inayomwita kwa pesa za haraka. Wa Mbita, Sindo au Muhuru Bay ana mashua. Msichana yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani katika fuo za ziwa hili bado kuna desturi ya jaboya, ambapo mvuvi hudai mwili kabla ya kuuza samaki.

Takwimu zinaeleza uzito wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Homa Bay na Migori zilikuwa na asilimia 23 kila moja. Haitakuwa haki kudai kwamba mpira pekee ungewaokoa wasichana hao. Lakini timu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu mzima huhesabu watoto kila jioni na kuuliza ni nani hakufika.

Kazi ya pili ni ngazi ya kupandia. Shule kama Agoro Sare ya Oyugis zimejijengea jina katika soka na mpira wa vikapu kwa sababu vijana wanajua kuna wanaowatazama. Anayeonekana kwenye michezo ya Nyanza huenda akapata karo, klabu, au nafasi katika timu ya chuo kikuu. Bila msimu, haonekani na yeyote.

Na ngazi hiyo ilikuwa imeshalegea hata kabla ya corona. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi kuu ya soka mwaka 2006, walifukuzwa katika msimu wa 2019/20 baada ya kushindwa kufika katika mechi zao, wakati klabu nyingi zilipokuwa zikiteseka kufuatia kuondoka kwa mdhamini wa ligi. Msimu huo huo ulikatizwa Aprili 30, 2020 kwa sababu ya corona. Kabla vumbi halijatua, uongozi wa shirikisho la soka ulivunjwa Novemba 2021, na FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Kijana aliyemaliza shule 2021 au 2022 alitoka kwenye uwanja uliofungwa akakuta mlango wa klabu nao umetiwa kufuli.

Kinachohitajika sasa

Dawa si ngumu, mradi itayarishwe kabla ya ugonjwa. Kwanza, chama cha michezo ya shule za upili, KSSSA, kwa ushirikiano na Wizara ya Elimu, kinapaswa kuandika kanuni inayosema wazi kuwa msimu uliofutwa kwa amri ya serikali hauhesabiwi dhidi ya mwanafunzi. Iwapo kikomo cha umri hakiwezi kusogezwa kwa sababu ya masharti ya Afrika Mashariki, basi yaandaliwe mashindano maalum ya kitaifa kwa waliokosa mwaka wao wa mwisho.

Pili, iwekwe siku ya mwisho ya kutoa uamuzi. Wanafunzi waambiwe ndani ya mwezi mmoja kama msimu umeahirishwa, umepunguzwa au umefutwa. Habari mbaya iliyofika mapema humwezesha mtu kupanga maisha yake.

Tatu, serikali za kaunti ziwe na mpango wa michezo midogo. Riadha na mbio za nyika hazihitaji kugusana, na mazoezi ya vikundi vidogo kijijini yanaweza kuendelea pale wataalamu wa afya wanaporuhusu. Homa Bay sasa ina uwanja wa kisasa wa Raila Odinga, ulioandaa sherehe za Madaraka Juni 1, 2025. Uwanja wa hadhi hiyo haufai kuwa wa sherehe na mechi kubwa pekee.

Nne, zihifadhiwe rekodi za wachezaji. Mwanafunzi aliyefunga mabao au kuokoa mechi mwaka uliotangulia janga awe na karatasi ya kumwonyesha mkufunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, hata kama msimu wake wa mwisho haukuchezwa.

Mambo haya yana uzito mpya leo. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, ambapo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo. Serikali imewaambia wazazi kwamba mchezo ni somo na ni ajira. Maadamu ni hivyo, kufutwa kwa msimu hakuwezi tena kuchukuliwa kama kufutwa kwa burudani. Kwa aliyechagua mkondo huo, ni sawa na kufungiwa maabara.

Mwaka 2020 tulikuwa na udhuru, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameona janga la aina hiyo katika maisha yake. Udhuru huo haupo tena. Msimu wa kijana wa Migori aliyeingia shule 2018 hautarudi, lakini wadogo zake wako uwanjani jioni hii, na kanuni ya kuwalinda haijaandikwa.