Msiwaache Wahadhiri wa Muda Nje

Kwa wahadhiri wenzangu mlioko Nairobi, Njoro, Eldoret, Maseno na kwingineko,

Mgomo wenu wa mwaka 2025 niliufuatilia kutoka Marekani tangu Septemba 17 hadi mliporejea darasani mapema Novemba. Mlikuwa mkidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017–2021, jasho lililotoka wakati wanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza walikuwa bado shule ya msingi. Habari zilipotoka kwamba serikali imekubali kulipa kwa awamu mbili, nilishangilia peke yangu jikoni. Kisha nikawapigia simu marafiki wawili wanaofundisha kama wahadhiri wa muda, nikawauliza wao wametengewa nini. Mmoja alicheka tu. Mwingine alisema anadai malipo ya mihula mitatu, na hajui hata ofisi ya kuyaulizia.

Kuhusu serikali mnajua kuliko mimi. Ninayotaka kuzungumza nanyi ni haya ya hao wawili, nanyi wenye barua za ajira ya kudumu ndio ninaowalenga.

Mimi huku nasomea uzamivu, na wakati huohuo nafundisha na kusaidia utafiti katika chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja. Pia mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika idara yetu. Chama chenyewe ni UAW, kile kilichoundwa Detroit mwaka 1935 na wafanyakazi wa viwanda vya magari. Nilipomweleza mama, aliniuliza kama nimeacha masomo nikaingia gereji. Lakini ndivyo ilivyo: sehemu kubwa ya wanachama wa UAW siku hizi inatoka vyuo vikuu.

Mgomo uliotufunza sote huku ni ule wa Chuo Kikuu cha California. Novemba 14, 2022, watu wapatao 48,000 waliacha kazi katika kampasi zote kumi. Maprofesa hawakuwa miongoni mwao. Waliotoka ni wasaidizi wa ufundishaji, wasahihishaji mitihani, wanafunzi watafiti, na watafiti waliokwisha kupata uzamivu lakini hawana ajira ya kudumu, yaani wale ambao kwetu nyumbani wangeitwa watu wa muda. Wengi wa wasaidizi walikuwa wakipata kama dola 24,000 kwa mwaka, katika jimbo ambalo kodi ya nyumba peke yake ingeweza kumeza nusu ya fedha hizo au zaidi.

Mitihani ya mwisho wa muhula ilifika mgomo ukiwa umepamba moto, na hapo ndipo hesabu ilipojulikana. Profesa anaweza kuhadhiri mbele ya wanafunzi mia tatu, lakini hasahihishi karatasi mia tatu. Karatasi ni za wasaidizi. Idara zikakosa alama, tarehe za kuwasilisha matokeo zikasogezwa mbele, na wasimamizi ambao miaka yote walikuwa wakisema hawa ni wanafunzi tu wanaopewa msaada wa fedha wakajikuta hawawezi kufunga muhula bila wao. Madereva wa malori, wanachama wa chama kingine kabisa, walikataa kuvuka mstari wa wagomaji kuleta vifurushi. Posho ya mgomo ilikuwa dola 400 kwa wiki, kutoka mfuko unaochangiwa na wanachama wote, wakiwamo wanaofunga milango ya magari kiwandani.

Sitaki mdhani ilikuwa sherehe. Mtafiti wa biolojia anapogoma, seli zake hazigomi. Zinataka kulishwa, na zikifa, kazi ya miaka miwili imekwenda na tasnifu inasogea mbali. Watu walibishana usiku kucha kuhusu hilo: je, kuingia maabara dakika ishirini kulisha seli ni usaliti? Wapo walioingia, wapo waliokataa, na baadhi yao mpaka leo hawasalimiani. Matokeo nayo hayakumridhisha kila mtu. Wasaidizi walikuwa wameanza kwa kudai kima cha chini cha dola 54,000. Walichokubali kwa kura, Desemba 23, ni kufikia kama 34,000 ifikapo Oktoba 2024, na 36,500 katika kampasi za Berkeley, Los Angeles na San Francisco. Katika kampasi za Santa Cruz, Santa Barbara na Merced kura nyingi zilikuwa za hapana. Mimi ningepiga ndiyo, ila nawaelewa waliokataa.

Tuseme ukweli kuhusu kwetu. Mgomo ukianza, nani hupigiwa simu aje kushika vipindi vyenu? Katika mitihani ya darasa la watu mia nne, nani hurudi nyumbani na mfuko wa karatasi? Ni huyohuyo anayepanda matatu kutoka chuo kimoja hadi kingine, asiye na ofisi wala bima ya matibabu, anayelipwa kwa saa endapo atalipwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkataba wa pamoja mnaoupigania unapima vyeo na marupurupu ya walioajiriwa, yeye haumwoni. Halafu mnamtaka asusie kazi kwa ajili ya malimbikizo yenu. Mtu ambaye hajalipwa tangu mwaka jana huwezi kumwomba agome kwa ajili ya mshahara wako, na akikubali kushika kipindi chako kwa ahadi ya elfu chache, mimi sitamwita msaliti. Nitauliza alipoachwa.

Najua jibu mtakalonipa: kuwaingiza ni vigumu, wametawanyika, hawakai. Hata hapa tuliambiwa hivyo. Acha niwaeleze tulichofanya, maana hakikuhitaji fedha nyingi. Tulichukua karatasi moja kubwa ya manila tukaibandika ukutani nyumbani kwa mwenzetu. Tukaandika jina la kila mtu anayefundisha au kusahihisha katika idara, akiwemo yule anayekuja Jumanne jioni tu. Kando ya kila jina tukaandika anakaa chumba gani, anaelewana na nani, na nani kati yetu atakwenda kuzungumza naye. Maana mazungumzo ni ya mtu na mtu. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp halijamleta mtu yeyote. Unakwenda, unauliza kodi ya nyumba inachukua kiasi gani cha mshahara, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa sisi walimu. Mtu akishaeleza shida yake kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo unamwonyesha fomu.

Woga upo. Sisi wageni tuko hapa kwa viza ya wanafunzi, tunaruhusiwa saa ishirini za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, na kila mmoja huuliza kama kujiunga na chama kutamrudisha nyumbani. Sheria inaturuhusu kujiunga na chama, lakini siku hizi ruhusa ya sheria haitoshi kumtuliza mtu. Machi 2025, rais wa chama cha wafanyakazi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia alifukuzwa chuo siku moja kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza, kwa sababu ya maandamano ya mwaka uliotangulia. Naye ni raia. Kwa hiyo simlazimishi mtu kusimama mbele na bango. Wapo waliotusaidia kwa kupika chai na kutunza orodha.

Sheria nayo hubadilika. Wasaidizi wa ufundishaji wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, walianzisha chama chao mwaka 1966, cha kwanza cha aina yake nchini humu, wakagoma mwaka 1970 na kupata mkataba. Mwaka 2011 jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria iliyowanyang'anya wafanyakazi wa umma karibu haki yote ya kujadiliana na mwajiri, ingawa wasaidizi haohao walikuwa wamelala sakafuni ndani ya jengo la bunge la jimbo kuipinga. Mkataba ulikwenda. Chama kikabaki, kwa sababu majina yalikuwepo na watu walikuwa wakijuana.

Kunyimwa haki ya chama hakupaswi kuwa jambo geni kwenu. Mwishoni mwa 1993 wahadhiri wa Kenya waligoma wakidai chama chao kisajiliwe. Serikali ya Moi ilikataa, na viongozi wao, Korwa Adar na Kilemi Mwiria, wakapoteza kazi. Chama hicho, UASU, kilikuja kusajiliwa mwaka 2003, miaka kumi hivi baadaye. Wakati huo wote mhadhiri wa kudumu ndiye aliyekuwa nje akibisha hodi, akiambiwa hana haki ya kuwa na chama. Wapo kati yenu walimu wangu waliokuwa vijana siku hizo, na wanakumbuka vizuri jinsi mlango ulivyokuwa umefungwa.

Ninaloomba ni dogo. Kabla ya mkataba ujao kuwekwa mezani, kila tawi lichague idara moja na kuandika majina ya wote wanaofundisha humo kwa muda: wanadai kiasi gani, tangu muhula gani, na nani aliwaandikisha. Orodha hiyo iende mezani pamoja na madai yenu, iwe sharti na si kiambatisho. Ada ya chama nayo itazamwe upya. Kule California wanachama hulipa asilimia 1.44 ya mshahara, kwa hiyo mwenye kidogo hutoa kidogo, na asiyelipwa na mwajiri mwezi huo hadaiwi kitu.

Fomu tunayotumia hapa ni ya ukurasa mmoja. Idara itakayokuwa ya kwanza kuandika majina nitaitumia nakala, tuitafsiri pamoja na kuondoa yale ya Kimarekani yasiyowafaa. Wale marafiki zangu wawili wameshasema wataanza na idara zao, ila wanataka kwanza kujua kama katibu wa tawi atawapokea.

Wenu,
Mwalimu mwenzenu aliyeko ng'ambo