TAMKO KUHUSU MAUMIVU SUGU NA HOFU YA KUZOEA DAWA

Sisi wagonjwa wenye maumivu sugu, ndugu wanaowauguza na wauguzi wastaafu, tuliounganika katika chama chetu hapa Moshi na katika vijiji vya mlimani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa wataalamu wa tiba na kwa mamlaka zote zinazohusika.

HALI ILIVYO

1. Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Anayelalamikia mgongo au mifupa mwaka mzima, basi, asihesabiwe kuwa anadeka.

2. Wenye maumivu hayo tunaishi nao. Yumo mama aliyebeba mikungu ya ndizi na mizigo ya majani ya ng'ombe tangu usichana wake. Yumo mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, ambaye taratibu za hifadhi zinaweka ukomo wa mzigo wake kuwa kilo 20, ingawa hakuna utaratibu unaohesabu miaka ambayo magoti yake yameubeba. Yumo kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, yumo mwenye siko seli, na yumo mzee ambaye saratani ya tezi dume imekwisha kuingia mifupani.

3. Wengi wao huishia duka la dawa muhimu. Hununua diklofenaki au brufeni wiki baada ya wiki, bila kupimwa, kwa sababu dawa hizo hazina sifa mbaya mtaani. Hata hivyo, zikitumiwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 yao. Chama hakidai kwamba dawa hizo ndizo chanzo. Kinasema tu kwamba figo za watu wetu si za kufanyiwa majaribio.

4. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, kwa upande wake huogopwa hata pale inapohitajika. Wapo wagonjwa wanaoona heri maumivu kuliko kuitwa mateja uzeeni. Zipo familia zinazoamini kwamba chupa ya mofini ni hati ya kifo, zikaikataa hadi siku za mwisho. Wapo pia wahudumu wanaopunguza dozi, au wasioiandika kabisa, kwa kuhofia kuhojiwa.

5. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi, na chama hakiibezi. Taifa limeona vijana wake wakiharibiwa na heroini, hata Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuwapa waraibu tiba ya methadoni mwaka 2011. Nchini Marekani, zaidi ya watu 80,000 walikufa mwaka 2021 kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, za hospitali na za magendo. Huko huko, kampuni iliyohusika na dawa ya OxyContin ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007 kwa kupotosha watu kuhusu hatari ya uraibu wake.

6. Pamoja na hayo, balaa la Marekani limetokana na wingi, na letu linatokana na uhaba. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika takriban tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1.

MSIMAMO WETU

7. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, katika utangulizi wake, unatambua kwamba dawa hizo ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba nchi zinapaswa kuhakikisha zinapatikana kwa tiba. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inatambua utu wa kila mtu. Chama kinashikilia, kwa hiyo, kwamba mgonjwa anayestahili dawa hii hanyimwi na sheria. Ananyimwa na hofu iliyojipa mamlaka ya sheria.

8. Kuzoea dawa na uraibu ni mambo mawili. Mwili wa mtu aliyetumia mofini, kodeini au tramadoli kwa muda huweza kuizoea, na ikikatwa ghafla atatoka jasho, atatetemeka na kukosa usingizi: ndiyo hali ambayo mitaani huitwa arosto. Tiba yake ni kupunguza dozi hatua kwa hatua, chini ya uangalizi. Uraibu ni kuitafuta dawa hata inapomharibia mtu kazi, nyumba na heshima yake, asiweze kujizuia. Uraibu huweza kumpata mgonjwa pia, na chama hakitaficha ukweli huo. Ni kosa, hata hivyo, kumhukumu kila aliyezoea kuwa ni mraibu, na ni kosa vilevile kumwandikia dawa bila kumweleza tofauti hiyo.

9. Si kila maumivu ni ya mofini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unaelekeza kwamba dawa za jamii hiyo zisitolewe kama kawaida kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi. Unapendekeza elimu, mazoezi na tiba ya viungo. Chama kinaupokea mwongozo huo bila kinyongo. Mama wa mikungu anahitaji mtaalamu wa viungo na mzigo mwepesi. Mzee wa saratani anahitaji mofini ya maji kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kabla maumivu hayajampiga chini. Kuwapa wote wawili jibu moja ni kuwakosea wote wawili.

10. Mlima huu umeishi kwa mifereji. Maji yaliyoachwa ovyo hubomoa kihamba, yaani shamba la ukoo, na wazee wetu walilijua hilo, lakini hawakuyafunga. Waliyawekea zamu na msimamizi. Chama kinaomba dawa za maumivu zisimamiwe kwa busara hiyo hiyo.

WITO NA MAAZIMIO

11. Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa zinaombwa kuhakikisha mofini ya maji na huduma ya tiba shufaa (ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito) zinafika katika hospitali za mlimani na vituo vya afya, ili mgonjwa wa Rombo asilazimike kuteremka hadi Moshi mjini kila chupa inapoisha.

12. Wizara, pamoja na Baraza la Uuguzi na Ukunga, inaombwa kuupima mfano wa Uganda, ambayo tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini.

13. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba zinaombwa kuwaeleza wahudumu, kwa maandishi na kwa lugha nyepesi, kwamba anayeandika dawa hizi kwa kufuata taratibu hana hatia. Ziendelee bila huruma kumsaka anayeziuza kwa magendo.

14. Wataalamu wa tiba wanaombwa kuuliza historia ya ulevi kabla ya kuandika, kumweleza mgonjwa siku ya kuanza na namna ya kuacha, na kutosahau dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hukifunga. Wauzaji wa maduka ya dawa wanaombwa kumuuliza mteja swali moja: ameitumia kwa muda gani?

15. Viongozi wa dini wanaombwa kuwakumbusha waumini kwamba kuvumilia maumivu yenye tiba si sharti la imani. Wana wa mlima wanaorudi nyumbani kila Desemba wanaombwa, badala ya kumletea mzazi vidonge mfukoni, wamfikishe kliniki.

16. Nasi wanachama tunajifunga kwa haya: hatutagawana dawa na jirani, hata kwa huruma, hatutaichanganya na mbege wala pombe yoyote, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kuzima pumzi, tutaifungia kwa kufuli mbali na watoto, na mwenzetu akifariki, dawa iliyobaki itarudishwa hospitali kabla ya matanga kuanuliwa.

17. Tunajiwekea sharti hilo la mwisho kwa makusudi. Anayeomba kuaminiwa na dawa kali lazima aonekane anairudisha.

Limetolewa Moshi, na uongozi wa chama kwa niaba ya wanachama wote.