Kodi Tatu na Kidole Kisichohama

Ndugu msomaji, Jumapili hii sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Nililitenda ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya wanangu.

Ukutani mwa sebule yetu limetundikwa gitaa la marehemu kaka yangu. Enzi za uhai wake alilipiga jioni akitoka kiwandani, na wapita njia walisimama uchochoroni kumsikiliza. Tangu alipofariki hakuna aliyeligusa, mpaka siku moja binti yangu wa miaka 13 alipoliteremsha, akaketi kizingitini na kuanza kulikwaruza. Mimi nilikuwa nimelala, nimerudi alfajiri kutoka kazini. Sauti iliyonifikia kitandani ilikuwa kama ya bati linaloburutwa juu ya saruji. Nikapaza sauti: "Hebu acha kelele hizo! Baba yako mkubwa hakupiga hivyo!"

Mtoto alilirudisha gitaa ukutani bila kusema neno. Ikapita miezi mitatu. Siku nilipouliza mbona halishiki tena, mama yake ndiye aliyenijibu: "Baba watoto, wewe mwenyewe umepata kulishika?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikaliteremsha, nikaenda nalo kwa mzee mmoja, mpangaji mwenzetu, ambaye ujanani alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi.

Mzee alinionya kwanza nisiikimbilie solo. Kila kijana, alisema, anataka kuwa Mbaraka Mwinshehe. Ni kweli kwamba mwanamuziki huyo wa Morogoro Jazz, aliyefariki Januari 1979, anakumbukwa hadi leo kwa solo yake. Lakini chini ya solo daima yupo mpiga ridhimu, ambaye wachezaji hawamtazami, naye akinyamaza nyumba nzima huanguka. Kazi yake ni kupiga kodi.

Kodi hiyo siyo ile anayoidai mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja na kupatana. Hata hivyo nayo ina vyumba vyake: shingo ya gitaa imekatwa kwa vyuma vyembamba, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma ndiyo tuliyoiita chumba. Tulihesabu vyumba kuanzia kule kwenye vifungio, na nyuzi kuanzia ule mwembamba wa chini, ambao ni wa kwanza, hadi ule mnene wa juu, ambao ni wa sita.

Kabla ya kodi, tulizipatanisha nyuzi. Uzi wa sita ukibanwa chumba cha tano hutoa sauti ileile ya uzi wa tano ulioachwa wazi. Wa tano nao huupa wa nne sauti yake, wa nne huupa wa tatu, na wa pili huupa wa kwanza, zote kwa chumba cha tano. Uzi wa tatu pekee ndio wenye utaratibu wake: hubanwa chumba cha nne ili kuupata wa pili. Gitaa lisilopatanishwa humkatisha tamaa mwanafunzi asiye na kosa lolote. Nikakumbuka kwamba lile la kaka lilikuwa limekaa ukutani miaka mingi bila kuguswa. Basi hata vidole vya binti yangu vingekuwa vya malaika, siku ile visingetoa sauti tamu.

Kisha zikaja kodi zenyewe, tatu tu: A, D na E. Nyimbo nyingi sana zinaweza kusindikizwa kwa tatu hizi. Katika A, vidole vitatu hujipanga chumba cha pili: cha kati kwenye uzi wa nne, cha shahada kwenye wa tatu, cha pete kwenye wa pili. Katika D, cha shahada hubaki palepale, cha kati hushuka kwenye uzi wa kwanza, chumba hichohicho cha pili, na cha pete husogea chumba cha tatu kwenye uzi wa pili. Katika E, cha shahada hurudi chumba cha kwanza bila kuuacha uzi wake wa tatu, cha kati hukaa kwenye uzi wa tano na cha pete kwenye wa nne, vyote viwili chumba cha pili.

Kuzisoma ni rahisi. Kuzipiga ni mambo mengine! Baada ya robo saa ncha za vidole vyangu zilikuwa na mifereji myekundu. Nyuzi mbili zililia, nne zikakoroma. Mzee akanielekeza nibane karibu na chuma, nisibane katikati ya chumba, na dole gumba likae nyuma ya shingo. Akaniambia maumivu yatapungua ndani ya wiki chache, ngozi itakapofanya sugu, iwapo nitafanya mazoezi dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumapili moja, alisema, huzaa malengelenge tu.

Nilirudi nyumbani nikakaa palepale kizingitini. A ilitoka. Kuhamia D nikachukua muda wa mtu kutafuta ufunguo gizani. Nikarudia, nikakwaruza tena. Bati lilelile juu ya saruji! Ndipo nilipotambua kuwa hata kaka yangu alianza hivyo. Mama yetu alimvumilia uani miezi mingi, na mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Nilichokikumbuka ni mavuno, kulima sikukuona.

Nikiwa katika mahangaiko hayo, nikasikia sauti nyuma yangu: "Baba, hicho cha shahada usikinyanyue. Kikikaa, wenzake wanajua pa kurudia."

Nikageuka. Ni jambo lilelile mzee alilonieleza, nami nilikwisha kulisahau. Nilipomwuliza amelijua wapi, binti alitazama chini. Akaniambia kwamba katika miezi ile mitatu, siku za zamu yangu ya usiku, alikuwa akiliteremsha gitaa na kuweka vidole tu, bila kupiga, asije akanikera tena.

Ndugu msomaji, nimewahi kukaripiwa na wahariri wakali, lakini hakuna karipio lililonipata kama hilo. Mtoto alijifunza muziki kimyakimya kwa sababu ya baba yake. Nilimwomba radhi hapohapo, na sikuona kwamba heshima yangu ya ubaba imepungua.

Wazazi wenzangu, katika vyumba vyetu vya kupanga kelele ni nyingi na usingizi ni haba, nalijua hilo. Pangeni saa basi, na jirani aombwe. Dakika 15 baada ya chakula cha jioni hazimuui mtu. Lakini msimlinganishe anayeanza na aliyekwisha kubobea, hasa kama huyo aliyebobea ni marehemu, ambaye makosa yake yote tumekwisha kuyazika pamoja naye.

Siku hizi gitaa halikai ukutani tena. Linakaa kitini, karibu na mlango. Binti hubadilisha kodi zote tatu bila kutazama vidole. D yangu bado inakoroma, naye hunivumilia.