Nasaba Haikuungua Moto

Yapo maneno ambayo watu huyapenda kwa sababu huwapunguzia kazi. Mojawapo ni hili: kwamba Mwairishi asiye wa ukoo wa mabwana hawezi kuwajua babu zake, kwa kuwa kumbukumbu zote za nchi yake ziliteketea kwa moto mwaka 1922, na hati za ardhi zilizosalimika ni karatasi za matajiri tu. Neno hili husemwa Ireland kwenyewe, na husemwa Marekani na Uingereza walikohamia Waairishi wengi. Nililisikia hata darasani kwangu, siku tulipokuwa tukisoma habari za Njaa Kuu. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, maskini hana nasaba, ana jina tu." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana neno lile, ingawa lilisemwa kwa mzaha, ni hukumu iliyopitishwa juu ya watu wasioweza kujitetea. Insha hii ni jibu langu.

Na tuanze na huo moto. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni mwaka 1922, siku za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika majengo ya mahakama, mjini Dublin, ililipuka na kuungua. Karatasi za karne nyingi ziligeuka majivu. Humo zilikuwamo orodha za hesabu ya watu za miaka ya 1821, 1831, 1841 na 1851, isipokuwa mabaki machache, pamoja na wasia nyingi na vitabu vingi vya ubatizo na maziko vya Kanisa la Ireland. Huo ulikuwa msiba, wala sitaki kuupunguza.

Lakini moto umebebeshwa dhambi zisizokuwa zake. Orodha za mwaka 1861 na 1871 hazikuungua. Serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa ziwe karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba moto ulikula kila kitu huwasamehe makarani waliotia sahihi amri ya kuharibu. Tena husahau kwamba mwendo mfupi kutoka kwenye majivu yale, katika barabara ya Henrietta, ilikuwapo nyumba nyingine ambayo moto haukuifikia. Nyumba hiyo ni Masijala ya Hati.

Masijala hiyo ilianza kazi mwaka 1708, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Ireland mwaka uliotangulia, wakati wa Malkia Anne. Mtu aliyenunua, kukodi au kuweka rehani ardhi aliweza kupeleka huko muhtasari wa hati yake, wenye sahihi, mhuri na majina ya mashahidi. Karani aliunakili katika daftari kubwa, na muhtasari wenyewe ukahifadhiwa. Hakulazimishwa mtu kuandikisha. Ila hati iliyoandikishwa ilitangulia mbele ya sheria ile isiyoandikishwa, na hofu hiyo ilitosha kuwaleta watu. Kufikia mwaka 1832 mihtasari iliyopokelewa ilikuwa imepita laki tano. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hapa daftari lipo, na habari ipo, na bado watu wanasema imepotea.

Hapa mpinzani wangu ataniuliza, na ana haki kuuliza: Hati hizo ni za nani? Je, sheria iliyofungua masijala hiyo haikutoka katika bunge lilelile lililowanyang'anya Wakatoliki haki ya kununua ardhi? Najibu: ndivyo. Sheria ya mwaka 1704 ilimkataza Mkatoliki kununua ardhi, wala asikodi kwa muda unaozidi miaka 31. Tena Mkatoliki akifa, ardhi yake ilipaswa kugawanywa kati ya wanawe wote, isipokuwa mwana wa kwanza akiiacha imani yake na kuingia katika Kanisa la Ireland. Hapo aliweza kuichukua yote. Wakatoliki, waliokuwa wengi wa watu wa nchi, walibakiwa na kadiri ya asilimia 14 tu ya ardhi mwanzoni mwa karne ile. Zaidi ya hayo, mkataba usiozidi miaka 21, mpangaji akiwa anakaa katika shamba lenyewe, haukuhitaji kuandikishwa. Na mkulima wa hali ya chini kabisa hakuwa na hati hata moja, alikaa kwa ridhaa ya bwana wake tu. Sikatai lolote katika haya. Asemaye kwamba masijala ile ni kitabu cha watu wote asema uongo.

Lakini kutoka "si kitabu cha watu wote" hadi "hakina chochote juu ya mtu wa kawaida" ni safari ndefu, na wapinzani wangu huiruka kwa hatua moja. Hati ya ardhi haitaji mwenye kutoa na mwenye kupokea tu. Hutaja mashahidi, na shahidi aliweza kuwa karani, mtumishi wa nyumba au fundi wa jirani. Hueleza mipaka ya shamba, na mara nyingi mipaka hiyo huelezwa kwa majina ya majirani. Husema shamba lilikuwa mikononi mwa nani kabla ya siku ile, na hivyo jina la mpangaji mdogo, ambaye hakuitwa mezani wala hakushika kalamu, huingia ndani ya karatasi ya bwana wake bila kubisha hodi.

Tena kulikuwa na mikataba ya kudumu kwa maisha ya watu watatu. Mkodi hakupewa idadi ya miaka. Alitaja watu watatu, na mkataba uliendelea mpaka wa mwisho wao afariki. Ni nani angetajwa? Mwenye hekima alitaja watoto wake, kwa kuwa wana umri mrefu mbele yao. Wengine walitaja wana wa mfalme, ambao habari za vifo vyao hazingefichika. Tuwaze hati moja ya kutungwa, lakini ya namna iliyo ya kawaida: mkulima fulani amekodi ekari thelathini kwa maisha yake mwenyewe, ya mkewe, na ya mwana wake wa kwanza mwenye umri wa miaka sita. Katika mstari mmoja tumepata baba, mama, mtoto na mwaka ambao mtoto yule alizaliwa, pengine miaka mingi kabla kitabu cha kwanza cha ubatizo cha parokia yao hakijafunguliwa. Nani atasema kwamba karatasi hiyo ni kimya?

Na wanawake je? Mara nyingi nasaba huandikwa kana kwamba wanaume walizaliwa na wanaume. Lakini mkataba wa ndoa ulipoandikishwa ulimtaja bibi arusi, baba yake, mahari aliyokuja nayo, na riziki atakayoipata mumewe akitangulia kufa. Mwanamke ambaye jiwe la kaburi linamwita "mke wake" tu, katika hati ya ardhi ana jina, ana baba, na ana haki.

Kwa nini basi watu wanakata tamaa? Nitasema wazi: kwa sababu kazi ni ngumu, na uvivu hupenda kuvaa joho la huzuni. Faharasa ya majina huwataja watoaji tu. Mpokeaji hana faharasa yake. Kabla ya mwaka 1833 faharasa hiyo haisemi hata ardhi iko wilaya gani, na mwenye kumtafuta John Murphy hukutana na John Murphy wengi kama mchanga wa pwani. Iko faharasa ya pili, ya mahali, iliyopangwa kwa wilaya. Lakini majina ya vitongoji yamewekwa pamoja kwa herufi ya kwanza tu, si kwa utaratibu kamili, na Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000. Hapana njia ila kusoma mstari kwa mstari. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayejua kitongoji cha babu yake asome hati zote za kitongoji hicho, hata zisizo na jina la ukoo wake, kwa maana jina analolitafuta huenda limejificha katika mpaka wa shamba la mwingine. Siku hizi picha za madaftari hayo zinasomeka kwa intaneti, na wapo watu wanaojitolea kutunga faharasa mpya, inayomtaja hata shahidi. Udhuru wa umbali umekufa. Umebaki udhuru wa uvivu.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa kuwa sipendi mwanafunzi wangu aokolewe na shimo hili akaanguke katika lile. Wapo wanaozipenda hati za ardhi kupita kiasi. Huzitafuta ili wapate babu mwenye ekari elfu moja, na wakimpata huning'iniza nembo ukutani na kuacha kuuliza maswali. Hawa hawatafuti nasaba, wanatafuta sifa. Hati husema nani alikuwa na ardhi. Haisemi kwamba aliipata kwa haki. Ekari elfu zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri mwaka 1710 huenda zilikuwa zimenyang'anywa kwa upanga miaka sitini kabla yake, na mwandiko mzuri hausafishi upanga.

Tena hati inaweza kudanganya. Kwa sheria ya mwaka 1709, Mprotestanti aliyegundua kwamba Mkatoliki amepata ardhi kinyume cha sheria aliweza kushtaki na kuichukua yeye. Basi Wakatoliki wengine walifanya hila: walimwomba rafiki Mprotestanti ajifanye mgunduzi, aishike ardhi kwa jina lake, huku mwenyewe akiendelea kuilima na kuila. Aisomaye hati hiyo leo ataona jina la mgunduzi na kumdhani mwenye mali. Kumbe nyuma ya jina lile amesimama jirani anayejificha, na kati yao umesimama urafiki uliokuwa na nguvu kuliko sheria. Msomaji asiyeijua historia ataandika nasaba ya uongo kwa karatasi ya kweli.

Ndiyo sababu nasema kwamba hata kimya cha masijala kinasomeka. Mwaka 1778 sheria iliwaruhusu Wakatoliki kukodi kwa muda mrefu. Mwaka 1782 ikawaruhusu kununua. Mwaka 1793 wakapewa kura, ikiwa wana ardhi ya maisha yenye thamani ya shilingi arubaini kwa mwaka. Wenye mashamba wakaona faida ya kutoa mikataba ya maisha, kwa kuwa mpangaji alitarajiwa kupiga kura hadharani kama bwana wake alivyotaka. Mwaka 1829 kiwango hicho kilipandishwa mpaka pauni kumi, na wapangaji wadogo wakapoteza kura zao. Anayeujua mfululizo huo, akikuta ukoo hauonekani katika hati kwa miaka sabini kisha ukatokea ghafula, hatasema, "Hawakuwapo." Atasema, "Walikuwapo, bali sheria iliwafunga vinywa. Na hapa ndipo ilipowafungua."

Na wale wasiotokea kabisa? Mwaka 1841 Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, iliua kadiri ya watu milioni moja, na zaidi ya milioni moja wengine wakahama. Wengi wao hawakuwahi kutajwa katika hati hata kama shahidi. Siwezi kumwahidi mjukuu wao kwamba atawaona. Lakini naweza kumwambia asome hati ya shamba walilolilima, ajue bwana wao alikuwa nani, kodi yake ilikuwa kiasi gani, na aliiweka ardhi ile rehani kwa nani wakati wapangaji wake wakifa. Huko ni kuwajua pia. Asiyejua jina la babu yake lakini ajua udongo uliomchosha, hajapotewa na asili yake.

Namrudia mwanafunzi wangu. Ulisema maskini hana nasaba, ana jina tu. Nakujibu kwamba maskini ana nasaba ndefu sawasawa na ya mfalme, kwa maana wote wawili wamezaliwa na watu waliozaliwa na watu. Kilichopungua ni karani wa kuiandika. Nawe utakapokuwa mtu mzima, utaletewa hati nyingi: za shamba, za nyumba, za mkopo. Usizidharau ukasema ni karatasi za wakubwa, wala usizisujudie. Uzisome ukiuliza: Nani ametoa? Nani amepokea? Nani ameandika? Na nani alikuwa amesimama juu ya ardhi hiyo siku ile, asiulizwe neno? Swali hili la mwisho ndilo lililo gumu, na mara nyingi jibu lake limeandikwa kwa herufi ndogo, katikati ya maelezo ya mipaka, likimngoja msomaji mwenye subira.