Kasongo yataka Nane Nane yake: je, tarehe tisa?

KASONGO – Mwezi wa nane ukikaribia, neno moja hurudi katika soko la Kasongo: "Na hapa kwetu tufanye maonyesho ya kilimo, kama Watanzania." Wanalisema wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Tanganyika. Wanalisema vijana walioona video kwenye simu. Viongozi nao hawalichukii, kwa sababu ni neno tamu: mahema, bendera, fanfari, wageni kutoka Kindu. Neno lenyewe si baya. Lakini kabla mtu hajakata mti wa kwanza wa kujengea banda, asikilizwe anayeyajua maonyesho hayo kwa macho yake.

Yupo. Ni mama mmoja muuza vitenge wa hapa mjini, mzaliwa wa upande wa Kabambare. Kila mwaka njia ikimruhusu, hupitia Kongolo mpaka Kalemie, huvuka ziwa mpaka Kigoma, kisha hupanda treni mpaka Tabora, alikoolewa dada yake. Safari yake ameipanga ili tarehe 8 mwezi wa nane imkute huko. Siku hiyo ni sikukuu ya wakulima nchini Tanzania, nao wanaiita Nane Nane. Wanajimbo wa Tabora na Kigoma hukutana katika viwanja vya Ipuli, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Njia anayoipita mama huyu si ngeni kwa watu wa Maniema. Katika karne ya 19, misafara ya kina Tippu Tip ilitoka Tabora, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Kabambare na Kasongo. Waarabu na Waswahili hao ndio walioeneza kilimo cha mpunga katika nchi hii. Waliporudi pwani walichukua pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Zaidi ya miaka mia imepita, mpunga umebaki kuwa chakula na fedha ya Kasongo, na leo mtu wa Kasongo anakwenda Tabora kutazama namna mpunga unavyolimwa.

Anachokiona huko anakisimulia bila kukipamba. Kila halmashauri ina banda lake. Kuna asali ya Tabora, mawese ya Kigoma, ng'ombe waliosuguliwa mpaka wanang'aa, mashine za kukoboa na za kukamua mafuta. Nje ya mabanda kuna vipando, yaani vishamba vidogo vilivyopandwa miezi kabla, ili mgeni aone zao likiwa limesimama.

Naye anacheka. "Mahindi ya pale hayajui jua," asema. Yanamwagiliwa kila siku, yanapaliwa kila wiki, halafu mkulima mwenye jembe moja anaambiwa, "Fanya kama hivi." Siku ya kilele ni hotuba tangu asubuhi. Wakubwa wanapita mbele ya mabanda kwa haraka, wakulima wanasukumwa nyuma ya kamba. Sahani ya wali inapanda bei hapo hapo penye sikukuu ya mlima mpunga. Watanzania wenyewe wana methali: ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Mama anasema wengi pale wanaijua, ila siku ya kilele wanajifanya wameisahau.

Basi kwa nini anarudi kila mwaka? Jibu lake ndilo linalopaswa kusikika Kasongo. Anarudi kwa sababu ya tarehe tisa.

Mwaka mmoja alisimama mbele ya banda la watafiti wa kilimo, akashika mbegu ya mpunga inayoitwa SARO 5, ambayo wakulima wengi wa Tanzania wanaisifu kwa mavuno na harufu. Alitaka kuja nayo nyumbani. Kijana wa pale akamwuliza, "Mama, huko kwenu mnalima bondeni au mlimani?" Akajibu, "Mlimani, mwanangu. Tunafyeka msitu, tunachoma, tunangoja mvua." Kijana akamwambia ukweli: mbegu hii inapenda bonde lenye maji, mlimani itakuaibisha. Asinunue kwanza, arudi kesho yake ofisini, azungumze na mtaalamu. Tarehe tisa akaenda. Mabanda yalikuwa yanabomolewa, lakini ofisi ilikuwa wazi na mtaalamu alikuwa mezani. Nje, malori yalikuwa yanabeba magunia kuelekea Kigoma.

Hapo ndipo hoja ilipo. Maonyesho ya Tabora, pamoja na kelele zake, yanasimama juu ya kitu kilichokuwapo tangu jana na kitakachokuwapo kesho: kituo cha utafiti, afisa wa ugani, duka la mbegu, barabara, reli. Nane ya mwezi ni dirisha tu. Nyumba iko nyuma yake. Wanaotaka maonyesho Kasongo wanataka dirisha lisilo na nyumba.

Tarehe tisa ya Kasongo itakuwa na nini? Agronomu wa sekta yuko, lakini wengi hawana hata pikipiki ya kufikia mashamba wanayoyaandikia ripoti. Mpunga unatoka vijijini juu ya baiskeli, kijana akisukuma kwa mikono katika matope, akivuka vijito kwa daraja la miti miwili. Reli ya Kindu na Kongolo inapita Samba, ng'ambo ya Lualaba, na treni yenyewe haina siku ya uhakika. Kila penye kamba iliyofungwa barabarani, mwenye gunia anatoa kitu. Akifika sokoni, bei anaitaja mnunuzi, kwa kipimo cha mnunuzi. Mtu huyo hana haja ya kuonyeshwa gunia zuri la mpunga. Analo mgongoni.

Na yuko mkulima mwingine ambaye hatakuwa na hata hilo la mgongoni. Ni yule aliyetoka Salamabila na vijiji vya jirani. Mapigano ya mara kwa mara kati ya jeshi la FARDC na Mai-Mai Malaika yamewatoa watu huko si mara moja. Wengine wako Kabambare, wengine Kasongo, katika nyumba za ndugu na za watu waliowahurumia. Mama wa vitenge amempokea mmoja wao, mwanamke aliyekuwa na shamba la mpunga na karanga. Sasa analima kibarua katika shamba la mtu mwingine, na analipwa kwa bakuli. Alipoulizwa kama angependa kuja kwenye maonyesho, alijibu kwa swali: "Nitaonyesha nini, mikono?"

Swali hilo lijibiwe kabla ya kitambaa cha mahema kununuliwa. Maonyesho ya kilimo ya kusini mwa Maniema yasiyo na watu wa Salamabila ni harusi isiyo na bibi harusi. Wageni watakula, watapiga picha, na aliyepaswa kukaa mbele atakuwa nje anaosha sahani.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya kukatisha tamaa. Watasema maonyesho huleta wanunuzi, hupa mji heshima, na mambo mema huanza kidogo kidogo. Wana sehemu ya haki. Mnunuzi wa Kindu au wa Bukavu hawezi kununua asichokijua, na vijana wa Kasongo wana haki ya kuona mji wao ukitajwa kwa jambo lisilo vita. Lakini waangalie Kinshasa. FIKIN, maonyesho makubwa ya kimataifa ya nchi hii, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi wanaotoka huko wanasimulia muziki na vinywaji. Ni wangapi wanaosimulia mbegu? Na ni gunia lipi la Kabambare lililopata barabara kwa sababu ya FIKIN?

Watasema pia kwamba hakuna fedha za barabara, ila za sherehe zinapatikana. Hilo ndilo linaloudhi zaidi. Kabambare ina dhahabu ya Namoya, ambako kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara unaokusanya kwenye mafuta ya magari. Kuna mpango wa maendeleo ya teritwari 145, ambao barabara za mashambani ni sehemu yake. Na mwaka 2003, huko Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Majina ya mifuko yako mengi kuliko madaraja ya kati ya Kasongo na Kabambare.

Basi, kama ni lazima maonyesho yawepo, yawe ya namna nyingine. Banda la kwanza liwe ubao wa hesabu: kilichoingia kwa jina la barabara na mrabaha, kilichotoka, na daraja kilichojenga. Banda la pili liwe orodha ya bariyeri zote, nani anakusanya na kwa karatasi gani. La tatu liwe mizani moja ya haki, itakayobaki sokoni wageni wakiondoka. La nne liwe la wakimbizi wa ndani, si ili wapigwe picha, bali ili waseme wanahitaji ardhi kiasi gani kwa msimu huu, na machifu wajibu mbele ya watu.

Na mwezi wenyewe unasaidia. Tarehe 8 mwezi wa nane, Kasongo iko katika kiangazi. Watu wanafyeka na kuchoma, mvua haijafika. Ni wakati wa kutafuta mbegu, si wa kuonyesha mavuno. Fedha ya mahema ikinunua mbegu za mpunga wa mlimani na karanga, na zikagawiwa wenyeji na wakimbizi kabla ya mvua ya kwanza, hayo yatakuwa maonyesho tosha, na yatatazamwa mashambani mpaka mavuno.

Mama wa vitenge ameanza tena kufunga mizigo yake. Akirudi, watu watamwuliza Nane Nane ilikuwaje, naye atasimulia ng'ombe na asali. Wanaopanga maonyesho ya Kasongo wamwulize jambo moja tu: siku iliyofuata, aliikuta ofisi ipi iko wazi? Kisha waende kwenye ofisi kama hiyo hapa kwao, wagonge mlango, waone kama kuna mtu ndani.