Akili ya Kijana Isiachiwe Mganga



Wapendwa wanaparokia, mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, 49 kati yake zikiwa mpya. Dini, michezo na sanaa zikapata nafasi. Saikolojia haikupata. Twasema wazi: hilo ni pengo, nasi twalilipia.

Wako wanaodai kwamba saikolojia si sayansi, ni maneno ya ushauri tu. Dai hilo twalikataa. Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus akachapisha vipimo vya jinsi mtu anavyosahau. Sayansi haitambulikani kwa chupa za kemikali, bali kwa kukubali dai lake lipimwe. Darasa lolote la Vwawa laweza kujaribu: nusu ya wanafunzi wakariri orodha ya maneno kwa mkupuo mmoja, nusu wagawanye muda uleule kwa siku nne, kisha wote wapimwe baada ya juma. Daftari na kalamu vyatosha.

Wengine huhofia kwamba somo hili litaidhoofisha imani. Hao na wasome hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 62: Mtaguso wa Pili wa Vatikano unawataka wachungaji watumie matokeo ya sayansi, na saikolojia imetajwa kwa jina.

Sisi wa Tunduma twaijua gharama ya kutojua. Kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, neno la kwanza nyumbani ni uchawi. Mganga huitwa, bibi wa jirani hushukiwa, shamba huuzwa, miezi hupita, na mgonjwa hajafika hospitali. Ndugu yake aliyehitimu kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia aweza kuuchora ubongo vizuri, lakini hakufundishwa kumwuliza mganga: umejuaje, na umepima vipi?

Mwalimu husoma saikolojia chuoni, padre huisoma seminarini. Kwa nini kijana, mwenye akili hiyo inayochunguzwa, afungiwe mlango? Wazazi, semeni katika vikao vya shule. Taasisi ya Elimu Tanzania iandae muhtasari wa somo hili, na liwekwe miongoni mwa sayansi.

Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Kumficha asitibiwe kwa jina la sala ni dhambi.